Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: msituhesabie vipindi ambavyo havikutufikia

Newala, Mtwara
26 Mei 2020

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
Nakala: Wakuu wa idara wote, mlezi wa wanafunzi, serikali ya wanafunzi

YAH: VIPINDI VYA MTANDAONI KUHESABIWA KUWA VIMESHAFUNDISHWA

Shikamoo Profesa.

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, shahada ya ualimu, masomo ya Jiografia na Kiswahili. Hii ni barua yangu ya tano. Mbili nilizituma kwenye barua pepe ya ofisi yako, moja kwa mkuu wa idara, moja kwa mlezi wa wanafunzi. Aliyejibu ni mlezi peke yake, kwa neno moja: "Vumilia." Nikavumilia. Serikali yetu ya wanafunzi nayo iliahidi kulifikisha suala mezani. Hiyo meza sijui iko wapi, maana mpaka leo suala liko njiani.

Jina langu na namba yangu ya usajili utavikuta kwenye zile barua nne. Hapa nimeviacha kwa sababu bado nina mwaka mzima mbele yangu, na mitihani husahihishwa na watu. Jina la chuo pia nimeliacha. Ninalolisema linarekebishika, sina haja ya kukichafua chuo ninachokipenda.

Kilichonitoa kwenye uvumilivu ni tangazo la Ijumaa. Alhamisi ya 21 Mei, Rais Magufuli alitangaza kwamba vyuo vifunguliwe 1 Juni. Kesho yake chuo kikatutumia tangazo la kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa ndoo za maji tiririka, barakoa na kukaa kwa nafasi. Sina neno nao. Ukurasa wa pili unasema mada zote zilizowekwa mtandaoni tangu katikati ya Aprili zihesabiwe kuwa zimefundishwa, wahadhiri waendelee pale walipoishia, na jaribio la pili lifanyike wiki ya kwanza ya kurudi.

Profesa, mimi mada hizo sijafundishwa. Na siko peke yangu. Nimewapigia simu wenzangu wa huku kusini niliowapata, wa Liwale, Kilwa, Nanyumbu na Tandahimba. Tumefika kumi na wanne, na hao ni wale tu ambao namba zao ninazo.

Silalamikii chuo kufungwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa 16 Machi, kesho yake zikafungwa shule, keshokutwa yake vyuo. Tulipewa siku moja kutoka bwenini, tukatoka, na kwa hofu ya siku zile hakuna aliyebishana. Silalamikii hata wazo la kusoma kwa mtandao. Ninacholalamikia ni hesabu. Mmehesabu kilichotoka kwenu. Kilichofika kwetu hakuna aliyekihesabu.

Sasa nieleze moja baada ya jingine.

1. Kilichotumwa hakikufika

Kwetu ni wilaya ya Newala, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla na kushuka kuelekea Mto Ruvuma. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu unaiona Msumbiji. Simu nayo inaiona. Ukiiacha dirishani inarukia minara ya ng'ambo na kukukaribisha kwa Kireno, na hapo bando lako la nyumbani halina kazi tena mpaka uizime na kuiwasha upya.

Mtandao wa uhakika kwetu uko sehemu moja: shambani kwa babu, nusu saa kwa miguu, kwenye mkorosho mkongwe ulioota juu ya kichuguu. Chini ya mkorosho simu inaandika E, yaani mtandao wa kukokota. Ukipanda mpaka tagaa la pili inaandika H, yaani wenye kasi zaidi, na kukiwa na upepo hata hiyo H inakuja na kuondoka. Kwenye tagaa hilo tumening'iniza soksi ya shule ya mdogo wangu, imefungwa kwa kamba ya katani. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka jana, la sivyo tungekuwa na maabara ya kisasa zaidi.) Unabonyeza kupakua, unaitumbukiza simu ndani ya soksi, unashuka, unapalilia, na baada ya saa moja unapanda kuangalia. Mara nyingi unakuta imeandika "imeshindikana, jaribu tena".

Nikupe siku moja tu. Kipindi cha Zoom, saa 2 asubuhi. Nilinunua bando la shilingi 2,000, maana saa moja ya kipindi cha video inaweza kula GB nzima. Nilipanda mapema, nikajipanga, nikaegemea shina. Nikamwona mhadhiri. Akasema, "Mnanisikia?" Wenzangu wakajibu ndiyo. Akauliza tena, "Mnanisikia?" Kisha uso wake ukaganda, mdomo wazi, miwani imeng'aa kwa taa ya ofisini. Nilimtazama hivyo kwa dakika kumi na moja mpaka simu yenyewe ikanitoa. Nilijaribu kurudi mara sita. Hicho ndicho nilichofundishwa siku hiyo, na kwenye orodha ya mahudhurio nimeandikwa "hayupo". Kama sikuwepo, basi sijui ni nani aliyechubuka magoti kwa gamba la ule mkorosho.

Kozi zangu ni tano. Mbili zilikwenda kwa Zoom. Mbili nyingine wahadhiri waliweka slaidi kwenye mfumo bila neno lolote la maelezo. Slaidi moja ina mistari minne na mchoro ambao hata kwa kuukuza hausomeki. Faili moja lilikuwa na MB 48, na nililipata siku ya tatu.

Kozi ya tano ilifika yote. Mhadhiri wake alirekodi sauti kwa simu yake, dakika kumikumi, akazirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na chini yake akaandika maswali mawili. Dakika kumi za sauti hazifiki MB 5. Zilipita hata kwenye ile E. Nilizisikiliza nikitwanga, nikapakua upya zilizokatika, nikajibu maswali yote. Kuna siku jogoo aliwika katikati ya nadharia, tukajua kumbe mhadhiri naye yuko nyumbani kwake kama sisi. Yule mama hakuwa na kifaa chochote ambacho wenzake hawana. Alijiuliza tu upande wa pili kuna nani.

Habari ya umeme nitaipitia haraka. Gesi ya Songosongo, kule Kilwa, inakwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme tangu 2004, na ya Mnazi Bay ikafuata kwa bomba lililozinduliwa 2015. Mimi nachaji simu kwa sola ya mwenye duka, shilingi 300 kwa mara moja, na kwa foleni. Hilo halikuhusu Profesa, limejitokeza tu njiani.

2. Jinsi mlivyojua kwamba tuna mtandao

Kwenye tangazo la Aprili mliandika kwamba kabla ya kuanza, chuo kilifanya tathmini na kubaini kuwa karibu wanafunzi wote wana intaneti. Ni kweli tathmini ilifanyika. Ilikuwa fomu ya mtandaoni. Mimi niliiona siku nne baada ya fomu hiyo kufungwa. Asiye na mtandao alitakiwa aingie mtandaoni akaseme kwamba hana mtandao! Ni kama mwalimu aite mahudhurio kwa kusema, "Ambaye hajafika anyooshe mkono," kisha aandike kwamba wote wamefika.

3. Jaribio la magharibi

Hili ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nikilirefusha.

Jaribio la kwanza la saikolojia ya elimu liliwekwa ndani ya Ramadhani, kuanzia saa 11:30 hadi saa 12:15 jioni. Maswali 20, alama 15. Mwezi huu huku kwetu jua linazama saa 12 na dakika chache. Sijui aliyepanga muda huo alikuwa anaangalia kalenda gani. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alitafuta saa ambayo mfumo hauna watu wengi. Haukuwa na watu wengi kwa sababu watu walikuwa wanajiandaa kufuturu.

Nilipanda mkorosho saa 11 na robo, nimefunga, nimefunga pia tende tatu kwenye pindo la khanga. Mpaka swali la tisa mambo yalikwenda, polepole, kila swali likichukua dakika mbili kufunguka. Adhana ikasikika kutoka kijijini. Nikafungua pindo kwa meno, maana mkono mmoja umeshika tagaa na mwingine simu, nikala tende moja, nikasema Bismillahi na kubonyeza "endelea" kwa wakati mmoja. Ukurasa ukawa mweupe. Ukabaki mweupe. Uliporudi, uliniambia muda umekwisha na kwamba sikuwasilisha kitu.

Nilishuka gizani kwa kupapasa. Tende mbili zilizobaki zilianguka sijui wapi. Nyumbani nilikuta uji umeshapoa, na mama hakuniuliza chochote, akaurudisha jikoni.

Kesho yake nilimwandikia mhadhiri. Akajibu: "Mfumo hauruhusu." Sifuri yangu imebaki pale pale. Kwa kanuni zetu kozi ina alama 40 za kazi za muhula, na asiyefikisha 16 haingii kwenye mtihani wa mwisho. Kumi na tano zangu zimeondoka na upepo. Zimebaki 25, na natakiwa nipate 16 kati ya hizo kwa jaribio la wiki ya kwanza, juu ya mada ambazo sijazisoma. Ukiwa mwanafunzi hapo husikii tena harufu ya sapu, yaani mtihani wa marudio, unaona moshi wake.

Mfumo hauruhusu. Profesa, mfumo una mwenyewe, na mwenyewe ana ofisi, na ofisi ina mlango.

4. Laini iliyozimwa

20 Januari mwaka huu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Yangu ilikuwa kwa jina la mama. Mama hakuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ikazimwa. Nikachukua nyingine. Mfumo wa chuo ukaendelea kutuma namba ya siri kwenye laini ile iliyokufa. Kubadilisha, nilielekezwa nifike ofisini na kitambulisho, na ofisi imefungwa kwa sababu ya korona. Wiki mbili za mwanzo sikuingia kabisa, mpaka kijana mmoja wa TEHAMA aliponihurumia na kunibadilishia kwa simu. Simtaji asije akaulizwa kwa nini alifanya kazi yake.

5. Nyumbani si bwenini

Kwetu mtoto akirudi, amerudi. Mama yangu alisikia redioni kwamba vyuo vimefungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba vimefungwa lakini havijafungwa. Kwa hiyo nilipoamka kesho yake jembe langu lilikuwa mlangoni, na ndoo zangu mbili. Juu ya uwanda huu maji unayafuata mbali au unayanunua kwenye kisima cha mtu aliyevuna mvua. Binti akiwepo nyumbani, hayanunuliwi. Halafu mahindi yanahitaji mlinzi, maana nyani na nguruwe pori hawakusikia habari ya kukaa ndani.

Kushika simu mchana, machoni pa watu, ni kuchati. Kushika simu juu ya mti ni kuchati na mtu ambaye hutaki ajulikane. Mjomba, ambaye kwa mila zetu ndiye msemaji wangu na ndiye aliyenunua simu hiyo kwa fedha za korosho, alinikuta huko juu asubuhi moja. Mwezi huu baadhi ya watu wameanza kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, nao hupuliza alfajiri, umande ungali kwenye majani. Unga wa njano unatanda shamba zima, unakaa kwenye kope, unakaa kwenye kioo cha simu mpaka kidole hakisomeki. Akasimama chini akiwa amejifunga kitambaa usoni, bomba mgongoni.

"Mpwa wangu, unazungumza na nani huko juu?"

"Na mwalimu, mjomba."

"Hebu nimsikie."

Nikateremsha soksi kwa kamba. Akaitoa simu, akaiweka sikioni, akasikiliza muda mrefu. Kimya. Akairudisha ndani ya soksi taratibu.

"Mwalimu wako ana haya," akasema, akawasha mashine.

Nilicheka siku ile. Lakini wiki iliyofuata aliniuliza, safari hii bila utani, kama ada anayochangia ni ya huyo mwalimu asiyesema. Sikuwa na jibu. Labda wewe unalo.

Na mimi ni mwenye nafuu. Mwenzetu mmoja wa Kilwa, nyumba yao ilikwenda na mafuriko ya Januari. Alirudishwa nyumbani wakati nyumba yenyewe haipo, na tangazo la chuo likamwambia atafute "mahali tulivu penye mwanga wa kutosha".

6. Bweni

Tulilipia muhula mzima, tumelala wiki tatu. Madaftari na vitabu vya wengi wetu vimefungiwa ndani tangu Machi kwa sababu siku moja haikutosha kubeba kila kitu na basi lilikuwa linajaza viti tu, hakuna kusimama. Hili fupi, lakini ni fedha za watu.

Majibu ninayoyatarajia

Najua yatakayosemwa, mengine nimeshayasikia.

Mtasema wengi walihudhuria. Ni kweli, na sina kinyongo nao. Aliyeko Dar es Salaam kwenye nyumba yenye Wi-Fi hakunipunguzia kitu. Lakini kama darasa lina watu 200 na 150 wamefundishwa, basi kuna 50 hawajafundishwa, na kanuni za mtihani hazijawahi kusema somo ni la walio wengi. (Namba hizo ni za mfano. Za kweli mnazo ninyi, kwenye orodha zenu za mahudhurio, na ningefurahi mkizitoa.)

Mtasema tungehamia mjini. Kwa fedha ipi? Bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, ninalolijua mimi mwaka huu wa 2020 ni shilingi 8,500 kwa siku, na la robo ile lilikwisha kabla sijashuka kwenye basi. Chumba Masasi au Newala mjini kinataka kodi ya miezi mitatu mbele, na hakuna mzazi wa huku ambaye angemruhusu binti akapange peke yake katikati ya ugonjwa ili apate intaneti.

Mtasema janga limemgusa kila mtu. Limemgusa kila mtu, ila alama zimekatwa kwangu.

Mtasema kalenda ya masomo itabana. Hapo nakuelewa, na ndiyo maana sijaomba muhula uanze upya. Soma maombi yangu hapo chini uone kama nimeomba mwezi.

Na mtasema hakukuwa na njia nyingine. Hili silikubali, na naomba nibishane nawe kidogo kwa heshima zote, kama ulivyotufundisha siku ya kutupokea kwamba chuo ni mahali pa kubishana.

Nchi hii ilishafundisha watu walio mbali kabla hata sijazaliwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza vijijini. Babu, mwenye ule mkorosho, alikuwa kwenye kikundi kimojawapo. Mpaka leo anasimulia jinsi walivyokaa wakisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1994, na kikawasomesha kwa vitabu vilivyochapwa, wakati ambapo wilayani kwetu intaneti hakuna aliyeijua hata kwa jina. Kina vituo mikoani. Mtwara kipo, Lindi kipo. Hamkuwauliza hata hao wanafanyaje?

Au tuache historia. Mabasi ya Newala hayakusimama hata siku moja, na kila basi linabeba vifurushi. Bahasha ya noti zilizochapwa ingepakiwa asubuhi, ningeipokea stendi kesho yake, na nauli ya bahasha ni shilingi elfu chache. Ningeilipa mwenyewe. Ni chini ya nilichotumia kwa wiki moja kumtazama mhadhiri aliyeganda.

Ninachoomba

(a) Mada za katikati ya Aprili hadi sasa zifundishwe darasani, hata kwa ufupi, kwa wiki mbili za kwanza, na jaribio la pili lisogezwe mpaka baada ya hapo. Jumamosi tutakuja. Jioni tutakuja. Wale waliokwisha kuzisoma wapewe hiari ya kutohudhuria.

(b) Jaribio la saikolojia ya elimu lirudiwe kwa karatasi kwa kila ambaye mfumo unaonyesha aliingia lakini hakuwasilisha. Mfumo huo huo usioruhusu unayo kumbukumbu ya saa tulizoingia na saa tulizotolewa. Ufunguliwe, uangaliwe.

(c) Mahudhurio ya miezi hii miwili yasihesabiwe kwa yeyote, aliyekuwepo wala asiyekuwepo.

(d) Fedha ya bweni kwa wiki ambazo hatukulala ihamishiwe muhula ujao. Sidai irudishwe mkononi, najua fedha ikishaingia hairudi.

(e) Likitokea jingine, tuulizwe kwa simu ya kawaida, kupitia CR (mwakilishi) wa kila darasa, nani yuko wapi na ana nini. Kisha sauti na maandishi vitangulie, video ifuate kwa wenye uwezo nayo. Yule mhadhiri wa kozi ya tano aulizwe alifanyaje. Nina hakika hakuna aliyemuuliza.

(f) Nijibiwe kwa maandishi, na jibu libandikwe kwenye ubao wa matangazo, kabla ya Ijumaa 29 Mei. Jumamosi alfajiri napanda basi. Ningependa kujua kama nakuja kusoma au nakuja kutahiniwa, maana mizigo ya safari hizo mbili haifanani.

Kama ofisi yako itaona maombi haya ni mengi, anzeni na (a) na (b). Hayo mengine tutayazungumza tukionana, nikiwa nimevaa barakoa. Mama ameshanishonea mbili kwa kitenge, na ameniamuru nipige nyungu, nijifukize mvuke, siku ya kuondoka.

Maneno haya sikuyaandika kwa mkono wangu. Nimempigia mwenzangu aliye Mtwara mjini, nikamsomea kutoka kwenye daftari sentensi kwa sentensi, naye amechapa na kuirusha. Simu ya kawaida kwetu inapatikana vizuri. Kwa hiyo jibu likija kwa barua pepe, nitaliona nikipanda mkorosho. Likija kwa ujumbe mfupi, litanikuta hata nikiwa jikoni. Namba yangu mpya mnayo, yule kijana wa TEHAMA aliiingiza.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Shahada ya Ualimu